Hakuna Aliyemlazimisha: Hotuba ya Mkesha wa Siku ya Mashujaa, Gongo la Mboto

(Hotuba hii niliitoa jioni ya mkesha wa Siku ya Mashujaa, katika uwanja wa shule ya msingi mtaani kwetu Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Wengi mlikuwa kazini au safarini na mmeniomba niiandike. Nimeiweka yote kama nilivyoisema.)

Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, viongozi wetu wa dini, wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana, nanyi niliowafundisha darasani ambao leo mmekuja na watoto wenu: Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Itifaki imezingatiwa.

Kesho ni tarehe 25 Julai. Mkuki na ngao vitawekwa mnarani, sime itawekwa, upinde na mishale vitawekwa, mashada ya maua yatawekwa. Tarumbeta italia na viongozi wetu watasimama kimya. Mtaona kwenye televisheni. Mwenyekiti aliniomba nizungumzie mashujaa waliokufa, nami nikamwomba aniongezee kidogo. Nataka nizungumze juu ya wale waliojitolea kwenda, waliokufa na walio hai. Maana walio hai wengine wamekaa hapa hapa, kwenye mabenchi haya, na sijui kama jirani aliyekaa naye anajua.

Nianze na wasiojitolea.

Nani hapa hajawahi kumwambia mtu, "Nikute Posta, pale Sanamu ya Askari"? Sote tumesema. Askari yule amesimama pale, Mtaa wa Samora, tangu mwaka 1927, ameshika bunduki yenye singe, na sisi tunapita na mifuko yetu tukiwahi daladala. Sasa niwaulize, nani ameinama akasoma maandishi yaliyo chini yake? Yameandikwa kwa Kiswahili pia, kwa hiyo hakuna kisingizio. Yanawataja askari wa Kiafrika waliopigana Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Halafu yanawataja wapagazi. Yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

Hao wapagazi walikuwa nani? Walikuwa babu za babu zetu. Mjerumani na Mwingereza walikuwa wakigombana kwao Ulaya, ugomvi wakauleta hapa, na mizigo ya ugomvi huo wakaitwika vichwani mwa watu wa Dodoma, wa Songea, wa Lindi, wa Tabora. Barabara hazikuwepo. Ng'ombe na punda walikufa kwa mbung'o. Basi risasi, unga, mahema, hata vipande vya mizinga, vilibebwa na binadamu. Jumbe aliambiwa alete watu kadhaa, akaleta watu kadhaa. Aliyekimbilia porini alifuatwa. Kariakoo yetu ya leo, tunakonunua vitenge na simu, ilikuwa kambi yao. Walikufa makumi ya maelfu, na wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa, kwa kuchoka. Wengi hawana hata kaburi linalojulikana.

Wale hawakuulizwa. Nawaomba mlishike hilo, nitalirudia mpaka mnichoke. Hawakuulizwa. Tuwakumbuke na tuwalilie, kwa sababu walinyang'anywa maisha yao kwa ajili ya mambo yasiyowahusu.

Sasa tuje kwa aliyeulizwa.

Nchi hii ilipopata uhuru ilirithi jeshi la mkoloni, na maofisa wake wengi walikuwa bado Waingereza. Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, wakaasi. Wazee mnakumbuka. Jeshi lile likavunjwa. Nchi ikabaki inajiuliza: tutalindwa na nani? Jibu lililotolewa wakati ule mimi naliona kubwa kuliko tunavyolipa uzito. Waliitwa vijana. Vijana wa TANU Youth League, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa lililokuwa limeanzishwa Julai 10, 1963. Waliitwa, wakaja, wakajiandikisha. Septemba 1 mwaka ule ule likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kwa hiyo jeshi hili mnaloliona lilianza na watu waliosema ndiyo.

Najua kuna atakayeniambia, "Mwalimu, lakini JKT si lazima?" Kuna la lazima na kuna la hiari. Wanaomaliza kidato cha sita wanakwenda kwa mujibu wa sheria. Hilo lina historia yake. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana mjini hapa kulipinga, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Likasitishwa mwaka 1994, likarudi 2013. Sitalizungumzia zaidi. Lakini kando ya hao wapo vijana wa kujitolea. Hao hawafuatwi na barua nyumbani. Wanaona tangazo, wanapanga foleni wilayani na vyeti vyao, wanafanyiwa usaili, wanapimwa afya, na wakichaguliwa wanapanda basi. Ruvu, Mgambo, Makutupora, Mlale, Bulombora, Oljoro. Wananyolewa, wanaitwa kuruta, wanaamshwa alfajiri kwa mchakamchaka. Miaka miwili. Kwa hiari yao.

Hapo ndipo ninaposikia maneno kwenye vibaraza vya kahawa. "Ah, wanafuata ajira tu hao." Nimelisikia hilo mara nyingi, na leo nataka nilijibu mbele ya watu.

Ni kweli, wengi wanatafuta kazi. Kuna ubaya gani? Daktari anayekutibu Muhimbili naye analipwa mshahara, na hujawahi kumwambia kwamba hakukuponya bali alifuata pesa. Mimi nimefundisha miaka yangu yote na kila mwisho wa mwezi nilikwenda benki, na bado mlinishukuru. Mwanajeshi ndiye tunayemtaka afe bure ili tumwamini?

Halafu tazameni kazi yenyewe. Mkataba wangu wa ualimu ulisema nifundishe, nisahihishe madaftari, niwahi shuleni. Haukusema popote kwamba nikiambiwa niende mahali ambapo huenda nisirudi, nitakwenda. Mwanajeshi anakula kiapo cha namna hiyo. Anakula kiapo akiwa na miaka ishirini, ishirini na mbili, hajaoa, hajajenga, hajaonja maisha. Sisi wenye mvi tunajua kilichomo ndani ya maisha anayoyaweka rehani. Yeye hata hajakiona. Na hakuna aliyemlazimisha.

Ndugu zangu, niwasimulie mtu mmoja.

Mwaka 1978 mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, tunakaa Buguruni. Jirani yetu alikuwa fundi cherehani. Mchana anashona, jioni anakwenda mafunzo ya mgambo. Tulikuwa tunamwona akipita na viatu vimejaa vumbi, basi. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Yakapora, yakaua, yakabomoa daraja la Kyaka, Amin akatangaza kwamba ardhi yetu mpaka mtoni sasa ni yake. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akazungumza na wazee wa Dar es Salaam pale Diamond Jubilee. Wazee wenzangu maneno yale mnayajua kwa moyo: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo.

Jeshi la kudumu peke yake halikutosha kwa vita ile. Wakaongezwa mgambo, wakaongezwa vijana wa JKT, wakaongezwa askari Polisi na Magereza. Wananchi wakatoa ng'ombe, wakatoa mahindi. Malori na mabasi yakabeba watu badala ya mizigo. Na fundi wetu wa Buguruni, ambaye mkewe alikuwa mjamzito wa mtoto wa pili, alimaliza kushona sare za shule alizokuwa amepokea pesa zake, akaifunika cherehani kwa shuka, akampa mama yangu ufunguo wa kibanda. Akamwambia mama, "Dada, mteja akija kudai nguo yake, zote zimo kwenye mfuko, nimeandika majina." Ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akisema kabla hajaondoka. Anakwenda vitani, na wasiwasi wake ni nguo za watu.

Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979. Fundi wetu alirudi baadaye, mwaka ule ule. Wengi hawakurudi. Mkifika Kagera, ombeni mpelekwe Kaboya. Pale wamelala mamia ya wapiganaji wa vita ile, safu kwa safu.

Alirudi akiwa na sikio moja. La pili mizinga ililifunga. Akaondoa shuka, akapaka mafuta cherehani, akaanza kushona. Ukizungumza naye anageuza kichwa akupe sikio zima. Wateja wakaanza kumwita kiziwi, wengine wakakasirika kwamba hasikii vipimo, wakahamia kwa fundi mwingine. Hakumweleza mtu. Hakuweka picha ukutani. Nilikuja kujua ni nini kilichomtokea nikiwa tayari mwalimu, kwenye msiba wa mama yangu, na aliyenieleza hakuwa yeye. Alikuwa mkewe.

Na mkewe aliniambia jambo jingine, ambalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo. Alisema, "Vita ile watu wanadhani ilikuwa Kagera. Sisi tulipigana hapa Buguruni." Alisema kulikuwa na wanawake kadhaa mtaani ambao waume zao walikwenda. Kila gari la jeshi lilipokata kona kuingia mtaani, wale wanawake walikimbilia ndani wakafunga milango. Kwa nini? Kwa sababu habari mbaya ilikuja na gari. Kila mmoja alijua kwamba likisimama mlangoni kwake, limesimama. Alijifungua mtoto wake kati ya gari moja na jingine. Na asubuhi anatoka, anafagia uwanja, anakwenda sokoni, anasalimia watu.

Nimesema nitalirudia, nalirudia. Mwanajeshi aliulizwa. Mama yake hakuulizwa. Mke wake hakuulizwa. Mtoto aliyeko tumboni hakuulizwa. Yeye alijitolea nafsi yake, na wao wakajikuta wamejitolea pamoja naye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwa hiyo mtu anayesema anamheshimu mwanajeshi lakini hajui mama yake anaishi nyumba gani, mimi heshima hiyo naiona nusu.

Jenerali David Musuguri tulimuaga mwaka 2024, akiwa na miaka 104. Alianza uaskari zama za mkoloni, na akaongoza vikosi vyetu katika vita vya Kagera. Taifa lilimlilia, na alistahili. Lakini nani alimlilia aliyebeba sanduku la risasi nyuma yake? Nani anajua jina lake? Wenyewe wanakufa mmoja mmoja sasa, hapa Gongo la Mboto, kule Mbagala, kule Kimara, na kwenye msiba tunasoma wasifu: alizaliwa, aliolewa au alioa, aliacha watoto kadhaa na wajukuu kadhaa. Vita vya Kagera havitajwi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza.

Vijana wangu mtasema hayo ni ya zamani. Haya, tuje kwenu.

Desemba 7, 2017. Mlikuwa mmekwisha kuzaliwa, wengine mlikuwa na simu. Kongo, Kivu ya Kaskazini, kando ya mto Semuliki, kulikuwa na kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Waliokuwemo ni vijana wetu. Walikwenda kule kwa sababu raia wa Kongo walikuwa wanachinjwa vijijini mwao, na mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliamua kuunda brigedi ya kuwakabili waasi, na Tanzania ikasema sisi tutapeleka watu, pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Jioni ile waasi waliizingira kambi na vita vikaenda kwa saa nyingi usiku. Wanajeshi wetu kumi na watano wakapoteza maisha, makumi wakajeruhiwa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alisema ni shambulio baya kuliko yote yaliyowapata walinda amani katika miaka ya karibuni. Miili ikaletwa hapa Dar es Salaam, wakaagwa Upanga, wengine wakavushwa bahari wakazikwa Zanzibar. Na miaka minne nyuma, Julai 13, 2013, wenzao saba walikuwa wameuawa Darfur, Sudan, wakiwa wanalinda watu ambao hawazungumzi lugha yao.

Sikilizeni. Kupigania nyumba yako, hata kuku anamparua mwewe akija kwa vifaranga. Lakini kwenda kulala kwenye handaki porini ili mtoto wa Mkongo, ambaye humjui jina, alale salama? Hilo mimi hulitafakari sana. Tunapenda kusema nchi yetu ni kisiwa cha amani. Tunasema kwenye harusi, tunasema kwenye kampeni. Amani ile ina watu wanaoilipia, na wengine wanailipia nje ya mipaka ili moto usifike kwetu. Mpaka wa Kigoma uko wapi na Kongo iko wapi? Ni ziwa tu.

Mwaka ule 2017 nilikuwa bado nafundisha. Somo la Uraia. Niliacha mada ya siku ile, nikaandika ubaoni neno Semuliki, nikawaambia watoto watafute mahali hapo kwenye ramani. Mtoto mmoja akanyoosha mkono akasema baba yake yuko Kongo. Sikujua. Nilimfundisha mwaka mzima sikujua. Baba yake alikuwa kambi nyingine, alirudi salama, Mungu ashukuriwe. Lakini siku zile mtoto yule alikuja shuleni, akakaa, akaandika, na nyumbani kwao mama yake simu haikutoka mkononi. Walimu wangapi hapa mnajua ni mtoto gani wa mwanajeshi aliye darasani kwenu, na baba au mama yake yuko wapi usiku wa leo?

Nimesema baba au mama, kwa sababu na mabinti zetu wanakwenda. Msisahau hao.

Na si vita tu. Desemba 3, 2023 mlima Hanang ulipoporomosha tope juu ya Katesh, waliokuwa ndani ya tope lile wakitafuta watu ni pamoja na hao hao wenye kombati. Novemba 2024 ghorofa lilipoanguka Kariakoo, wengi wenu mlikuwa pale au mlikuwa na ndugu pale. Mliwaona. Sina haja ya kuwasimulia.

Sasa nataka nizungumze juu ya kijana ambaye hatawekewa shada kesho, na ambaye sisi wa mtaa huu tunamkosea zaidi ya wote. Ni kijana aliyejitolea JKT, akamaliza miaka yake, akarudi nyumbani.

Tangazo la JKT linasema wazi, kila mwaka, kwamba halitoi ajira wala halimtafutii mtu ajira. Kijana anajua. Lakini anakwenda na matumaini, maana majeshi mara nyingi huchukua watu waliopita huko. Analima mashamba, anajenga, analinda lindo la usiku, anajifunza ufundi. Wenzake baadhi wanachukuliwa, wanapelekwa Kihangaiko kuanza uanajeshi. Yeye jina lake halitoki. Anarudi na begi lake. Anashuka kituo cha Gongo la Mboto jioni, na sentensi ya kwanza anayokutana nayo ni ipi? "Eh, umerudi? Si ulisema unakuwa mwanajeshi?" Na kicheko nyuma yake.

Jamani. Jamani! Mtu ameipa nchi yake miaka miwili ya ujana wake, bila ahadi yoyote, na sisi tunamcheka kituoni?

Kuna binti mmoja, jina lake nalihifadhi, alikaa ndani kwao wiki kadhaa baada ya kurudi kwa sababu hakutaka kupita dukani. Ana nidhamu, anajua kushona, anajua kulima bustani, anajua kuamka saa kumi na moja alfajiri bila kuamshwa. Mwenye kiwanda kidogo cha sare za shule hapa jirani analalamika kila siku kwamba hapati wafanyakazi waaminifu. Nyumba hizi mbili hazifiki mwendo wa dakika kumi. Hakuna aliyewakutanisha mpaka mama mmoja wa kikundi chetu cha vikoba alipomshika binti mkono akampeleka. Leo ndiye msimamizi wa kiwanda kile. Wenye maduka, wenye gereji, wenye mabasi, mko hapa, nawaona. Kijana akikuletea cheti cha JKT, msikilize kwanza huyo. Msimpe kazi ya ulinzi wa getini tu kana kwamba ndiyo pekee anayoiweza. Muulizeni amejifunza nini.

Niseme na lingine, nalo nitalisema taratibu. Kuna watu hapa moyoni wanasema, "Mwalimu anawasifu, mimi niliwahi kurushwa kichura barabarani." Nakusikia, na sikukatazi kusema. Heshima ninayoizungumza siyo woga. Mwenye gwanda anayemwonea raia ameivunjia heshima gwanda hiyo, na amewavunjia heshima wale wa Kaboya. Jeshi linaitwa la wananchi. Ukionewa, sema, peleka malalamiko kunakohusika. Lakini usichukue kosa la yule mmoja ukambandika fundi wa Buguruni. Na ninyi vijana, sheria inakataza raia kuvaa sare za jeshi. Kuna anayezivaa kwa sababu zinapendeza, au ili apite bure kwenye daladala. Mavazi yale kuna watu wamezikwa nayo. Yaacheni kwa wenyewe.

Basi tufanye nini? Maana mkono mtupu haulambwi, na makofi mliyonipigia hayaezeki nyumba.

La kwanza, tuulize. Ukirudi nyumbani leo, muulize mzee wako, babu yako, bibi yako, mjomba wako: ulikuwa wapi mwaka 1978? Ulikwenda? Nani alikwenda? Vijana mna simu zinazorekodi sauti, mnarekodi vichekesho mchana kutwa. Rekodini wazee. Asipotaka kusema, msimlazimishe. Mwingine ameona mambo ambayo hayasemeki. Mkalishe tu, mpe chai, msalimie.

La pili, makaratasi. Wapo wajane mtaani hapa ambao waume zao walitumikia, na tangu wafariki wanazunguka na bahasha. Cheti cha kifo, cheti cha ndoa, barua ya mirathi, fomu imekosewa herufi moja ya jina, rudi wiki ijayo. Mama mmoja niliyemsindikiza kwenye ofisi fulani aliambiwa arudi mpaka nauli ikamwishia, na tatizo lilikuwa jina la marehemu kuandikwa tofauti kwenye karatasi mbili. Kijana mmoja aliyesoma angelimaliza hilo kwa kiapo cha mwanasheria na asubuhi moja. Mawakili wawili wa hapa mtaani wamekubali kutusaidia bila malipo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hapa hapa shuleni. Wamekataa niwataje, lakini wanajijua, na nawashukuru.

La tatu, familia ambazo watu wao wako nje sasa hivi. Sitaki mnitajie wako wapi, hayo ni ya jeshi. Nataka tu mjumbe wa kila shina ajue kwamba nyumba ile, baba hayupo, au mama hayupo. Mtoto akiugua usiku, ile nyumba isianze kutafuta wa kuipeleka hospitali. Bomba likipasuka, fundi aende. Iddi na Krismasi, sahani iende. Hayo ni mambo madogo kwetu. Kwa aliye mbali na simu yake ambayo huenda haina mtandao, kujua kwamba nyumbani kuna majirani ni jambo ambalo hata posho haiwezi kumpa.

Na la mwisho ninalo la kuomba, siyo la kusema. Fundi wa Buguruni alikwisha kututoka, na mkewe pia. Lakini hapa mtaani kwetu, nyuma ya msikiti, kuna mzee aliyekwenda Kagera akiwa mgambo kama yeye. Amekubali nimtaje hivyo, bila jina. Bati za nyumba yake zimeoza, mvua za masika alilala amekaa kwenye kiti. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ametoa bati ishirini. Bado tunahitaji mbao, misumari, na mikono. Mwenyekiti ana daftari pale mezani, kila anayeweza kuja aandike jina lake na anachokuja nacho. Tunaanza Jumamosi hii saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Akina mama wa vikoba watapika. Njooni na nyundo zenu, na wenye ngazi msiache ngazi nyumbani.

Ahsanteni sana.